Viti vitatu vya gari kwa mtoto mmoja

Kiti cha kwanza nilipewa bure, cha pili nilikinunua kwa kupenda rangi, cha tatu ndicho anachokalia binti yangu mpaka leo. Mtoto ni huyohuyo mmoja na gari ni hilohilo moja. Kinachoniuma ni kwamba cha pili, ambacho hatukukaa nacho hata mwaka, kilikuwa ghali kuliko cha tatu.

Alipozaliwa, kabla ya hivyo vitatu, tulikuwa na kile kiti kidogo chenye mpini, unachokitoa garini mtoto akiwa bado amelala ndani yake. Kilitufaa sana. Alipofikisha miezi tisa nikaanza kuangalia miguu yake kila nikimfunga. Nikaona bado ina nafasi, nikajiambia hatuna haraka. Kumbe nilikuwa naangalia kusikohusika. Kwenye kiti kinachotazama nyuma ya gari, muda wa mtoto huishia kwenye kichwa na kwenye uzito. Miguu haimo kwenye hesabu. Viti vingi vinataka zibaki walau sentimita mbili na nusu kati ya utosi na ukingo wa juu wa ganda la kiti, na kichwa cha binti yangu hakikuwa kimebakiza hata upana wa kidole.

Kwa hiyo tulihitaji kile kiti kinachogeuzwa: mtoto akiwa mdogo kinafungwa akitazama nyuma, akikua kinageuzwa atazame mbele. Nikalalamika kazini kuhusu bei zake, na kesho yake mwenzangu mmoja akaja nacho kwenye buti ya gari lake. Kisafi, kitambaa kimefuliwa, kinanukia sabuni. Nilishukuru kwa moyo wote, nikakipeleka nyumbani kama mtu aliyeokota almasi.

Mke wangu ndiye aliyekipindua. Chini ya ganda, kwenye plastiki yenyewe, kulikuwa na duara dogo lililochongwa kama uso wa saa, lenye mshale na tarakimu za mwaka. Kiti kilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Mimi nilikuwa naamini plastiki ni plastiki tu. Lakini kiti cha gari hukaa ndani ya chumba kinachochemka mchana na kupoa usiku, kila siku, miaka nenda miaka rudi, na plastiki huchoka bila kupasuka, kwa hiyo jicho halioni kitu. Ndiyo maana watengenezaji wengi huweka kikomo, mara nyingi kati ya miaka 6 na 10 tangu kilipotengenezwa.

Nikampigia mwenzangu kumuuliza kama kiliwahi kuwa kwenye ajali. "Sidhani," akasema. Akanyamaza kidogo. "Kuna siku tuligongwa kwa nyuma, lakini kidogo tu." Kidogo kiasi gani? Hakukumbuka. Baadaye nilijifunza kwamba kuna migongano midogo ambayo baadhi ya watengenezaji huruhusu kiti kiendelee kutumika baada yake, ila lazima uweze kujibu maswali: gari liliondoka lenyewe pale au lilivutwa? Mlango ulio karibu na kiti ulibaki mzima? Kuna aliyeumia? Mifuko ya hewa ilifyatuka? Mtu akijibu "sikumbuki", kiti hicho hakifai. Tulikata mikanda yake kwa mkasi kabla ya kukitupa, ili asije mwingine akakiokota akakipeleka kwa mtoto wake. Kumweleza mwenzangu kulikuwa kugumu kuliko kukitupa. Alikuwa ametoa kwa nia njema, na mtoto wake wa pili alikuwa amekalia kiti hichohicho mpaka mwezi uliopita.

Sisemi kiti kilichotumika hakifai hata siku moja. Cha ndugu yako wa karibu, unayejua kila mkwaruzo wa gari lake, chenye lebo zote na kitabu chake, ambacho muda wake haujaisha, hicho sawa. Cha mtu usiyemjua, aliyeweka picha tu na bei, hapana.

Basi nikaenda dukani, na nikaenda peke yangu. Bila mtoto, na gari nikaliacha mbali kwa sababu ya maegesho. Kiti nilichokipenda kilikuwa cha kijivu chenye mshono wa rangi ya chungwa, sponji nene kama godoro, na boksi lake liliandikwa kwa tarakimu kubwa: kilo 0–36. Muuzaji alinipigia hesabu ambayo sikuipinga. "Hiki unanunua mara moja tu. Mpaka afike miaka kumi na miwili hutarudi tena." Nikagawanya bei kwa miaka kumi na miwili kichwani, nikaona ni sawa na bure.

Ubavuni mwa lile boksi, kwa herufi za kusoma kwa kukunja macho, kulikuwa na jedwali ambalo sikulisoma. Lilisema: kutazama nyuma, mwisho kilo 13. Binti yangu alikuwa amekaribia kilo kumi, kabinti kazito kwa umri wake. Nilikuwa nimenunua kilo tatu za kutazama nyuma, na ile miaka yote iliyobaki ilikuwa ya kutazama mbele. Ukikumbuka kitu kimoja tu katika haya yote, kiwe hiki: kwenye kiti kinachogeuzwa, tarakimu kubwa ya boksini haikuambii jambo. Tafuta mwisho wa kutazama nyuma, kwa kilo au kwa sentimita, halafu mpime mtoto wako siku hiyohiyo.

Kwa nini kutazama nyuma kuna uzito hivyo? Nilikuwa nimesikia tu kwamba ni salama zaidi, na "salama zaidi" ni neno linalopita sikio moja na kutokea jingine. Kilichonishika ni pale nilipokaa na kalamu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linasafiri karibu mita 14 kila sekunde. Likigonga kitu na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mwili ulio ndani unasukumwa kwa nguvu ya mara 14 hivi ya uzito wake. Mtoto wa kilo kumi anakuwa mzigo wa kilo 140. Ndiyo maana hakuna mikono ya mama wala ya baba inayoweza kumzuia mtoto aliyepakatwa, hata angekuwa mbeba vyuma. Sasa fikiria mtoto mchanga, ambaye kichwa chake peke yake ni karibu robo ya urefu wake, na mifupa ya shingo bado ina sehemu za gegedu. Akitazama mbele, mikanda inashika kifua na nyonga, kichwa kinarushwa mbele, na shingo ndiyo inayobaki kukivuta. Akitazama nyuma, ganda la kiti linapokea mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja.

Waswidi walilijua hili mapema. Mtafiti wao, Bertil Aldman, aliona jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali wakati roketi inaruka, ili nguvu isambae mgongoni, na mwaka 1964 kiti cha mtoto cha kutazama nyuma kikafanyiwa majaribio kwenye gari la Volvo. Kule ni jambo la kawaida mtoto kutazama nyuma mpaka miaka minne hivi. Madaktari wa watoto wa Marekani walikuwa wakishauri angalau mpaka miaka miwili, halafu mwaka 2018 wakauondoa huo umri na kusema: muda mrefu kadiri kiti kinavyoruhusu. Na kanuni ya Umoja wa Mataifa ya R129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, inakataza kumgeuza mtoto kabla ya miezi 15. Kiti cha kanuni hiyo hupimwa kwa urefu wa mtoto kwa sentimita, wakati kile cha kanuni ya zamani, R44, hupimwa kwa makundi ya kilo. Lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara ndiyo inayokuonyesha ni kipi. Changu kilikuwa cha R44.

Nilikifikisha nyumbani jioni. Kikiwa kimetazama nyuma na kulazwa kama kinavyotakiwa, kilikula nafasi mpaka kiti cha abiria cha mbele kikasogea kwenye dashibodi. Mke wangu akajaribu kukaa. Magoti yakagusa. Tulicheka, ingawa si jambo la kuchekesha: abiria aliyebanwa hivyo mbele ya mfuko wa hewa hayuko mahali pake. Tangu siku hiyo alikaa nyuma, na mimi nikawa dereva wa teksi wa familia.

Halafu kukifunga. Gari letu ni la zamani, halina ISOFIX, vile vyuma vya kunasia ndoano za kiti cha mtoto bila kutumia mkanda, kwa hiyo nilitumia mkanda wa gari. Kitabu cha maelekezo nilikifungua, nikaona michoro, nikaona nimeelewa. Kiti kinachogeuzwa kina njia mbili za kupitishia mkanda: moja ya kutazama nyuma, nyingine ya kutazama mbele. Kwenye changu, stika za bluu zilionyesha njia ya nyuma na nyekundu njia ya mbele. Zile za bluu zilikuwa zimefichwa chini ya kitambaa, sehemu ya mapaja. Zile nyekundu zilikuwa wazi, nyuma ya mgongo wa kiti, zinakukodolea macho. Nikapitisha mkanda pale palipoonekana. Nikavuta, nikasikia *klik*, nikapiga makofi mawili kwenye ganda kama anavyofanya fundi akimaliza kazi. Kazi imekwisha.

Tuliendesha hivyo miezi miwili.

Siku tulipojua hakukuwa na ajali. Baiskeli ilikatiza mbele yangu nikakanyaga breki, si ya kutisha, ya kawaida tu. Nikasikia mkwaruzo nyuma. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kimekaa upande kama mlevi, na binti yangu ananitazama kwa kioo akiona ni mchezo. Niliegesha pembeni. Nakumbuka mikono yangu ilikuwa na baridi na sikuweza kufungua kile kifungo mara ya kwanza. Mke wangu hakusema neno lolote mpaka nyumbani, na heri angesema.

Niliuliza huku na huku, nikaelekezwa kwa mama mmoja aliyesomea kazi ya kukagua ufungaji wa viti vya watoto. Alifungua mlango, akainama, akaingiza mkono chini ya kitambaa.

"Baba, huu mkanda umeupitisha wapi?"

Nikamwonyesha.

"Hiyo ni njia ya mtoto wa kutazama mbele. Mtoto wako anatazama wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilitarajia atanifungia, nimlipe, niondoke. Akakataa. Akakitoa kiti chote, akaniwekea mikononi. "Funga wewe. Mimi siendi nawe nyumbani." Nilikifunga mara nne, jasho likinitoka, yeye amesimama kando amekunja mikono. Yale aliyonifundisha ndani ya saa ile yamenisaidia kuliko kila nilichosoma.

Kwanza, nafasi ya kiti kucheza haipimwi kwa kushika juu. Watu wote hushika ukingo wa juu na kutikisa, na kiti cha kutazama nyuma kitacheza tu huko juu hata kikiwa kimefungwa vizuri. Shika pale mkanda unapopita, tikisa kulia na kushoto, mbele na nyuma. Kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Pili, mkanda wa gari lazima ujifunge usirudi kulegea. Kwenye baadhi ya magari unauvuta wote mpaka mwisho, halafu ukiuachia urudi unasikia tiktiktik, na kuanzia hapo haukubali kuvutika nje tena. Magari mengine hayana hiyo, na hapo unategemea kibanio kilicho kwenye kiti chenyewe. Gari langu lilikuwa nayo miaka yote hiyo na sikuwahi kujua. Tatu, unaweka uzito wa mkono ndani ya kiti, pale pa makalio, huku mkono mwingine unavuta mkanda. Ukivuta bila kukandamiza unajidanganya.

Kisha akanionyesha kile kidude cha pembeni chenye kijipovu, ambacho mimi nilidhani ni pambo. Ni pima maji, kama ya waashi. Mtoto mchanga anahitaji kulazwa zaidi, la sivyo kichwa kinaanguka kifuani na njia ya hewa inabanwa. Anapokua na shingo ikashika, kiti kinaweza kusimama wima kidogo, na gari linapata nafasi mbele. Kumbe yale magoti ya mke wangu yangepona mapema: mtoto alikuwa na umri wa kukaa wima zaidi, na mimi nilikuwa nimemlaza kama wa jana. Gari liwe mahali tambarare unapokisoma kidude hicho. Mimi nilikuwa nakisoma kwenye mteremko wa nyumbani.

Mwisho akamfunga binti yangu, na hapa ndipo nilipoona aibu ya pili. Alichukua mkanda wa begani kati ya kidole gumba na cha shahada akajaribu kuufinya, kama mtu anayetaka kukunja kitambaa. Ulikunjika, tena kirahisi. "Umelegea," akasema, akavuta ule ulimi wa mbele mpaka vidole vikateleza bila kushika kitu. Binti akanuna lakini hakulia. Akashusha pia mikanda kwa tundu moja: mtoto akitazama nyuma, mikanda inatoka usawa wa mabega au chini yake kidogo, na akitazama mbele, inatoka usawa wa mabega au juu yake. Mimi nilikuwa nimeipandisha mapema "asije akabanwa".

Kuhusu jaketi, alifanya kitu ambacho nimekuwa nikimwonyesha kila mzazi ninayekutana naye. Alimfunga akiwa na jaketi lake nene, akakaza vizuri. Akafungua, akamvua jaketi, akamrudisha kitini bila kugusa mikanda. Kati ya kifua na mkanda ungeweza kuingiza ngumi. Katika mgongano, ule unene wote unasinyaa kwa mara moja. Siku za baridi sasa anafungwa akiwa na nguo nyepesi, halafu jaketi linageuzwa na kuvaliwa mikono kwa mbele, juu ya mikanda.

Tulikaa na kiti kile vizuri kwa miezi iliyobaki. Halafu akafika kilo 13, akiwa na mwaka mmoja na miezi minane.

Ulikuwa wakati mgumu nyumbani. Kisheria na kwa mujibu wa kiti, tungeweza kumgeuza siku hiyohiyo. Hela ya kiti kingine haikuwepo, na nilikuwa bado nina hasira na zile nilizokwisha kutoa. Mama mkwe naye alikuwa na lake: "Mwanangu, mtoto amekunja miguu kama panzi, ataumwa. Mgeuzeni naye aone dunia." Sikumlaumu, maana mimi mwenyewe nilianzia kwenye miguu. Nilimwambia mama amwangalie mjukuu wake akicheza sakafuni: anakunja miguu vivyo hivyo saa nzima na hakuna anayemhurumia. Hakuridhika, akanyamaza tu. Mke wangu ndiye aliyekata shauri. Akasema tuahirishe safari zote zisizo za lazima, tukusanye mwezi mmoja, tununue kinachofaa. Kile cha kijivu tulimpa shemeji yangu, ambaye gari lake ni pana na mtoto wake ni mwembamba wa miezi sita, tukampa na kitabu chake na habari yake yote, pamoja na ile breki.

Safari hii nilikwenda na futi kamba, mtoto, gari, na kitabu cha gari, ambacho nilikuwa sijawahi kukitoa kwenye mfuko wake wa plastiki. Nilikuwa nimepima nafasi kati ya mgongo wa kiti cha nyuma na mgongo wa kiti cha mbele kikiwa mahali ambapo mke wangu anakaa kwa raha. Nilipima pia upana, kwa sababu viti vingine vina masikio mapana mpaka mlango haufungi vizuri au mtu mzima hapati pa kukaa pembeni. Kiti kimoja kizuri sana kilikuwa na mguu wa chuma wa kusimama sakafuni. Kitabu cha gari kikanionya: sakafu yetu ya nyuma ina visanduku vya kuhifadhia vitu chini ya zulia, na mguu kama ule haupaswi kukanyaga juu ya kisanduku kitupu. Kikatoka. Kingine kilitaka mkanda wa pointi tatu, na katikati ya kiti chetu cha nyuma pana mkanda wa kiunoni tu. Hicho kingekaa pembeni, sawa, lakini ilikuwa vizuri kujua kabla.

Vitatu vilivyobaki niliomba nivijaribu garini. Muuzaji wa kwanza alikataa, nikatoka. Wa pili alisita, kisha akatoa cha maonyesho, tukatoka nacho mpaka kwenye maegesho. Kimoja hakikukazika hata nilipokilalia: kifungo cha mkanda wa gari letu kina shina refu, kikawa kinaangukia kwenye kona ya ganda. Hakuna tathmini ya mtu yeyote ingeniambia hilo, kwa sababu ni ugomvi wa kiti kile na gari langu. Kingine kilikazika lakini ulimi wa kukazia mikanda ya mtoto ulikuwa mgumu. Mke wangu ana maumivu ya kiganja, akajaribu mara mbili akaacha. Na yeye ndiye anayemfunga asubuhi. Tukachukua cha tatu: cheusi, hakina mbwembwe, sponji ya wastani, kutazama nyuma mpaka kilo 18. Kimefunguliwa, kimefungwa, kimepimwa, na magoti ya mama mtoto yalikuwa na nafasi ya kiganja kizima.

Kwa wenye ISOFIX, msidhani mmesalimika. Rafiki yangu alichomeka ndoano zote mbili, akaona alama ya kijani kwamba zimenasa, akaongeza na mkanda wa gari juu yake "kwa usalama zaidi". Viti vingi havijajaribiwa hivyo, ni hiki au kile, labda kitabu kiseme vinginevyo. Ndoano zenyewe pia zina kikomo cha uzito, mtoto na kiti kwa pamoja. Na ule mkanda wa juu, unaotumika mtoto akitazama mbele kuzuia kichwa kisiende mbali, aliufunga kwenye pete ya kufungia mizigo ndani ya buti. Zinafanana kabisa na pete halisi. Kitabu cha gari ndicho kinachozitofautisha. La kiti cha mbele nadhani kila mtu analijua, lakini naliandika: kiti cha kutazama nyuma hakiwekwi mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Hata safari ya dakika tano.

Ungedhani baada ya hayo yote nimekuwa mtaalamu. Mwaka jana binti alitapika njiani, kila mahali, mpaka ndani ya kifungo. Nilivua kitambaa, nikavua na mikanda, vyote nikavitia kwenye mashine ya kufulia, maji moto, sabuni ya kutosha. Mikanda ilitoka inang'aa na laini kama utepe wa zawadi. Ndipo nikasoma kitabu: mikanda hailowekwi, haifuliwi kwa mashine, inafutwa tu kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kwa sababu nyuzi zake hupoteza nguvu. Niliagiza mikanda mipya kutoka kwa mtengenezaji na nikasubiri wiki mbili bila kumsafirisha. Kwa hiyo unapochagua, muulize muuzaji avue kitambaa mbele yako. Kama hakitoki bila kuchomoa mikanda, jua siku ya matapishi utakuwa na kazi, na siku hiyo itafika.

Juzi nimempima: kilo 16 na nusu, ana miaka mitatu na nusu. Kichwa bado kina nafasi ya vidole vitatu. Amejifunza kukunja miguu kwa namna yake, mmoja juu ya ukingo, mwingine ameukalia, na akilala hivyo hakuna anayemwamsha. Mama mkwe bado anasema ni panzi. Kitabu cha maelekezo kinakaa kwenye mfuko wake nyuma ya ganda, na ukurasa wa njia nyekundu nimeshauwekea kipande cha karatasi.